Mizigo Mitatu Katika Pwani ya Bagamoyo

Wapendwa wasikilizaji, nawasalimu nyote mlioketi karibu na redio zenu asubuhi hii ya Jumapili: ninyi wa Magu mjini, ninyi wa Kisesa na Bujora, ninyi wavuvi mliorejea alfajiri kutoka majini, ninyi wagonjwa mlio vitandani, na ninyi ndugu wa imani nyingine mnaotusikiliza kwa wema wenu. Leo napenda tutafakari pamoja juu ya jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa ni burudani tu, nalo ni kuizuru bandari ya kale.

Wakristo wanaojaliwa kuhiji Nchi Takatifu mara nyingi hufikishwa Kaisaria, mji uliokuwa bandari kubwa katika mwambao wa Bahari ya Mediteranea. Mfalme Herode aliujenga miaka michache kabla ya kuzaliwa Bwana wetu, akaupa jina la kumheshimu Kaisari Augusto. Mafundi wake walikuwa na ujuzi wa kumimina zege chini ya maji, na hivyo wakajenga gati mahali ambapo pwani haikuwa na ghuba ya kuzikinga meli. Leo gati lile limezama, na kuta zilizobaki ni magofu. Lakini aliyesoma kitabu cha Matendo ya Mitume anajua ni watu gani walipita pale. Petro alitoka Yafa akaingia katika nyumba ya Kornelio, akida wa Kirumi, akatambua kwamba Mungu hana upendeleo. Paulo alifungwa katika mji huo muda wa miaka miwili, kisha akapandishwa merikebuni kwenda Roma, akiwa mfungwa chini ya ulinzi wa askari.

Basi bandari moja ilipitisha divai na mafuta ya matajiri, na ikampitisha pia mtume aliyefungwa minyororo. Hiyo ndiyo tabia ya bandari zote. Haichagui mzigo. Kwa sababu hiyo, mtu anayeizuru bandari ya kale asitosheke kuuliza ukuta huu una umri gani. Aulize pia: ni nani aliyepita hapa, alibeba nini, na alibeba kwa amri ya nani?

Najua kwamba walio wengi kati yetu hawatafika Kaisaria, maana nauli yake ni kubwa kuliko mavuno ya pamba ya miaka mingi. Lakini Mwenyezi Mungu hakutuacha bila bandari ya kutufundisha. Tunayo Bagamoyo, mji wa kale ulio yapata kilometa 70 kaskazini ya Dar es Salaam. Vikundi vya kwaya, vyama vya kitume na wanafunzi wa shule zetu hufunga safari kutoka kanda hii ya ziwa kwenda kuuona. Huonyeshwa magofu ya Kaole pamoja na msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13. Huonyeshwa milango iliyonakshiwa, ngome kongwe, na boma la Wajerumani, waliokuwa na makao makuu yao katika mji huo mpaka mwaka 1891, walipoyahamishia Dar es Salaam. Kisha hufika misheni, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza kazi yao mwezi Machi 1868 wakitokea Unguja.

Jina lenyewe la mji huo hufafanuliwa kwa njia mbili. Wako wasemao kwamba mpagazi aliyefika pwani baada ya miezi ya kutembea aliubwaga moyo wake, yaani alipumzika na kufurahi kwa kuwa safari imekwisha. Wako wasemao kwamba mateka aliyeiona bahari kwa mara ya kwanza aliubwaga moyo wake mchangani, maana alijua kwamba kwao hataparudia tena. Sitaki kuamua ni ufafanuzi upi ulio wa kweli. Napenda tu mwone kwamba neno moja liliweza kuwa wimbo wa mmoja na kilio cha mwingine, katika mchanga ule ule. Ilitegemea mtu amebeba mzigo gani.

Wapendwa, mizigo iliyopita katika pwani ile ilikuwa mitatu.

Mzigo wa kwanza ni mzigo wa kulazimishwa. Wanaume, wanawake na watoto waliotekwa au kuuzwa barani walitembezwa kwa mamia ya kilometa, wengine wakiwa na mti wa panda shingoni, wengine wakiwa wamefungwa mnyororo mmoja. Wanahistoria hutuambia kwamba Kilwa Kivinje ilipitisha watumwa wengi kuliko Bagamoyo. Lakini jambo hilo halimpi faraja mama aliyenyang'anywa mwanawe Bagamoyo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza. Hata hivyo, utumwa wenyewe haukukoma siku ile. Katika Tanganyika ulifutwa kisheria mwaka 1922, yaani nusu karne baadaye. Walikuwako wazee wetu waliozaliwa wakati sheria ingali inamtambua binadamu kuwa mali ya mwenziwe.

Misheni ya Bagamoyo iliwakomboa watumwa, wengi wao watoto, ikawapa makao, shule na mashamba. Tunaushukuru wema huo. Ukweli nao unatudai tuseme kwamba maisha ya pale yalikuwa na amri nyingi, kengele nyingi na kazi nyingi, na kwamba aliyekombolewa hakuulizwa kila mara anapenda kuishi vipi. Ni jambo moja kumtoa mtu katika mnyororo, na ni jambo jingine kumsikiliza kama ndugu. Mtume Paulo alilielewa hilo alipomrudisha Onesimo kwa Filemoni, akamsihi tajiri yule ampokee kijana wake kama angempokea Paulo mwenyewe.

Napenda pia tumkumbuke mtu mmoja ambaye hakuwa wa Kanisa letu, na ambaye Bagamoyo haimsahau. Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Sheikh Ramiya, aliletwa pwani angali mtoto kutoka nchi ya Manyema, katika Kongo ya mashariki, akiwa mtumwa. Alikua, akasoma, akawa mwalimu mkubwa wa tarika ya Kadiria, na watu waungwana wakaketi miguuni pake kujifunza dini. Alifariki mwaka 1931. Wale waliomleta walidhani wameleta mikono ya kufanyia kazi. Hawakujua kwamba wanamleta mwalimu wa mji. Ni nani kati yetu awezaye kusema anajua Mungu ameweka nini ndani ya mtoto aliye mtumishi katika nyumba ya mtu?

Mzigo wa pili ni mzigo wa ujira. Tusidhani kwamba kila aliyeikanyaga njia ile alikuwa mtumwa. Sehemu kubwa ya misafara ilibebwa na wapagazi walio huru, Wanyamwezi na ndugu zao Wasukuma, walioajiriwa kwa nguo, kwa shanga na kwa nyaya za shaba. Mmoja alichukua mzigo wa kilo 30 hivi, kila siku, kwa muda wa miezi. Walishuka na pembe za ndovu, wakapanda na bidhaa za pwani. Walijua thamani ya kazi yao, wakapatana bei, na pale walipopunjwa au kuteswa waliweka mizigo chini wakaondoka. Kijana aliyekwenda pwani akarudi alihesabiwa kuwa mwanamume kamili. Hao ni babu zetu, na wala hatuna sababu ya kuwaonea aibu. Kazi ngumu yenye malipo ya haki ni heshima mbele ya Mungu na mbele ya watu.

Mzigo wa tatu ni mzigo wa upendo. Tarehe 1 Mei 1873, David Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo inaitwa Zambia. Watu aliokuwa nao hawakulazimika kufanya lolote zaidi ya kumzika na kushika njia. Mmoja wao, Chuma, alikuwa mateka katika ujana wake, naye Livingstone na wenzake walimfungua kutoka katika msafara wa watumwa mwaka 1861. Mwingine aliitwa Susi. Alikuwako pia Halima, mpishi, na Jacob Wainwright, kijana aliyejua kusoma na kuandika. Walishauriana. Wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili wake kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa nguo na magome ya mti, kisha wakaubeba. Walitembea zaidi ya kilometa 1,500, wakipita katika njaa, maradhi na hatari, na baadhi ya wenzao wakafa njiani. Mwezi Februari 1874 walifika Bagamoyo, na mwili ule ukalazwa kanisani misheni usiku mmoja kabla ya kuvushwa Unguja.

Wasikilizaji wapendwa, angalieni kilichofuata. Wachukuzi wale walilipwa ujira wao wakaagwa. Mwili ulipozikwa London katika kanisa la Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili 1874, katika kundi zima lililoubeba alikuwako Jacob Wainwright peke yake. Chuma na Susi walifikishwa Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yamekwisha. Lakini Mungu asiyesahau kikombe cha maji anawajua wote, hata wale ambao majina yao hayakuandikwa popote. Mtu aliyewahi kufungwa mnyororo alichukua mzigo ambao hakuna aliyemlazimisha kuuchukua, akaufikisha. Ndipo tunapoona uhuru ni nini. Mtu huru anaweza kuubeba mzigo wa mwenziwe kwa hiari yake.

Huenda mtu wa Magu akauliza: mambo hayo ya pwani yatuhusu nini sisi wa ziwani? Yanatuhusu sana, maana njia ile ina ncha mbili, na ncha moja iko kwetu.

Katika wilaya hii ya Magu, kando ya ziwa, kiko kijiji cha Kageye. Msafara wa Henry Morton Stanley uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, ukafika Kageye tarehe 27 Februari 1875. Alikuwa na mashua yake, Lady Alice, ambayo ilibebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi toka pwani mpaka hapa, kisha ikaunganishwa na kushushwa majini ili kulizunguka ziwa. Vitabu vimelihifadhi jina la mashua. Majina ya mabega yaliyoibeba ni nadra kuyaona. Kijana mmoja Mwingereza wa msafara huo, Frederick Barker, alifariki Kageye mwaka ule ule, mbali kabisa na mama yake.

Miaka mitatu baadaye walikuja wamisionari wa shirika lililoanzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Lavigerie, wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe. Walipanda meli Marseille mwezi Aprili 1878. Kumbe nasi tumefungwa kwa uzi na zile bandari za Mediteranea! Walipokewa Bagamoyo na Mapadre wa Roho Mtakatifu, wakaondoka na wapagazi katikati ya mwezi Juni. Mmoja wao, Padre Pascal, alifariki njiani mwezi Agosti. Walipofika Tabora waligawanyika: wengine wakaelekea Ujiji, wengine wakaongozwa na Padre Livinhac kuja Nyanza, wakafika Kageye mwishoni mwa Desemba. Kutoka hapo Padre Lourdel na Bruda Amans walivuka ziwa kwa mtumbwi, wakatia nanga Entebbe tarehe 17 Februari 1879.

Naomba tulitafakari jambo hili kwa utulivu. Vikombe vya Misa, vitabu, divai na mavazi ya altare havikutembea vyenyewe. Injili ilifika katika ziwa hili mabegani mwa wapagazi, na wengi wa wapagazi hao hawakuwa wamebatizwa. Kabla hatujajua kumwita Mungu kwa jina la Baba, alikwisha kuwatumia watu wa nchi hii kulibeba Neno lake. Imani tuliyo nayo ni deni letu kwa watu ambao hatuwezi kuwataja.

Basi deni hilo tutalilipaje?

Kwanza, tuyachunge mabega ya watoto wetu. Mzigo wa kulazimishwa haujatoweka duniani, umebadili njia tu. Mahali pa kupakilia watu sasa ni stendi ya mabasi, kandokando ya barabara kuu iendayo Mwanza, Musoma na Sirari. Huja mtu mwenye maneno matamu, mara nyingine ni jamaa wa ukoo, akasema: nipeni huyu binti, nitampeleka mjini, atasoma cherehani, atawaletea fedha. Wazazi waliolemewa na ukame na ada hukubali. Binti huondoka na mfuko mmoja wa nguo, hulala jikoni, huamka kabla ya wote, halipwi, na siku akiomba kurudi nyumbani huambiwa kwamba anadaiwa nauli. Wavulana nao huchukuliwa kwenda katika kambi za uvuvi, visiwani, na baba hajui kisiwa gani. Nchi yetu ina sheria ya kuzuia biashara haramu ya usafirishaji wa binadamu tangu mwaka 2008, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwajiri mtoto asiyefikia miaka 14. Lakini sheria haikai mlangoni pako usiku anapokuja mgeni. Mlangoni unakaa wewe, baba, na wewe, mama.

Kwa hiyo, kabla ya kumtoa mtoto, uliza bila haya: anakwenda nyumba ya nani, mtaa gani, kufanya kazi gani, kwa ujira gani, na nitasikia sauti yake lini? Mwambie mtendaji wa kijiji, mwambie na katekista wenu. Mtu mwema hatachukizwa na maswali hayo. Akikasirika, mmekwisha kumjua.

Pili, tuulipe mzigo wa ujira. Wako wanaopokea Komunyo Jumapili, na huku msichana wa kazi hajalipwa miezi minne. Wako wenye mitumbwi wanaopiga hesabu ya samaki mpaka mvuvi arudi nyumbani mikono mitupu. Wako waliochuliwa magunia na vijana sokoni, kisha wakaanza kubishana juu ya shilingi walizopatana. Mtume Yakobo alisema kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo humfikia Bwana. Mpagazi wa zamani aliweza kuweka mzigo chini akaondoka. Msichana aliye mbali na kwao, asiye na nauli, hawezi hata hilo. Ndiyo maana dhambi ya kumpunja ni nzito zaidi.

Tatu, tuchukue kwa hiari mzigo wa upendo. Jirani aliyelazwa hospitali ya wilaya hana wa kumpelekea chakula. Bibi anayelea wajukuu watano yatima hana wa kumlimia. Hakuna atakayetulazimisha, wala hakuna kitabu kitakachoandika majina yetu. Tuwe kama Chuma na Susi, ambao hawakungoja kuitwa.

Nina ombi moja pia kwa walimu, makatekista na viongozi wa vijana. Kabla ya kuchanga nauli ya kwenda Bagamoyo, wapelekeni vijana Kageye, ambako ni karibu. Wasimame ufukoni. Wawaulize wazee wa kijiji habari walizozipokea kwa wazazi wao, waziandike katika daftari, kwa maana mzee akiondoka huondoka na maktaba yake. Wasali hapo kwa ajili ya wote waliofika na mizigo, waliofungwa na waliolipwa, waliorudi kwao na wasiorudi. Wakifika Bagamoyo baadaye, watajua kwamba hawakuja kutazama mambo ya wageni. Watakuwa wameifuata njia ya babu zao mpaka mwisho wake.

Ee Bwana Yesu, wewe uliyechukua mti mabegani mwako, nawe ukasaidiwa na mpita njia kutoka Kirene, mji wa Afrika, uwakumbuke wote waliopita katika njia ile ndefu. Uwape raha wale waliobwaga moyo pasipo matumaini. Uwalinde watoto wetu walio mbali, uwarudishe salama nyumbani. Utupe macho ya kumwona anayelemewa, na mabega ya kumsaidia. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.